Port sio bandari kila siku: kwa mnaoanza kazi ya kutafsiri

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi, mnahangaika sana na maneno ya kisheria na ya kidaktari, hayo wala hayana shida maana neno refu usilolijua lazima utafungua kamusi. Litakalokuumbua ni lile fupi unaloamini unalijua tangu shule ya msingi. Mimi langu lilikuwa port.

Nilikuwa mgeni kabisa, nikapewa maelekezo ya usalama ya boti ya abiria ya Unguja, kurasa 3 tu, nikajisemea hii hata saa moja haifiki. Wao wameandika majaketi ya kuokolea yapo port side, mimi nikaweka "upande wa bandari", nikatuma na ankara juu. Kesho yake napigiwa simu na mzee mmoja wa kwa mteja, baharia mstaafu, ananiuliza taratibu kabisa: kijana, bandari ipi, ya Dar au ya Malindi pale Unguja? Maana tukiwa katikati ya mkondo zote mbili ziko mbali.

Aisee nilitamani simu ikate.

Port pale ni kushoto kwa chombo ukiwa umetazama omo, yaani mbele ya chombo. Na usijiulize kwa nini hawakusema kushoto tu wakamaliza, kwa sababu mimi na wewe tukitazamana kushoto kwangu ni kulia kwako, ila port haigeuki hata mtu akisimama kinyumenyume, na usiku upande huo ndio wenye taa nyekundu, wa kulia una ya kijani.

Sasa kilichonichekesha baadaye nilipoanza kufukua asili yake ni kwamba sikuwa nimekosea kihivyo. Vyombo vya zamani vya Ulaya ya kaskazini vilikuwa na kasia la usukani upande wa kulia, ndiyo maana kulia kunaitwa starboard, yaani upande wa kuongozea, kwa hiyo wakifika gatini wanaegesha kushoto ili kasia lisibanwe na ukuta, na mizigo inaingilia huko huko. Kushoto kukawa ndiko kunakotazama bandari kweli! Jina rasmi lilikuwa larboard, ila ukilipigia kelele kwenye upepo linafanana mno na starboard, basi mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru iwe port, Wamarekani wakafuata 1846. Kwa hiyo tafsiri yangu wale mabaharia wa kale wangeielewa, abiria wa leo ndo angezama nayo.

Halafu ukija kwenye kompyuta ni habari nyingine. Bandari ni portus ya Kilatini, lakini port ya kompyuta inatoka kwa porta, mlango, ni ndugu wa ukoo mmoja ila kila mmoja ana nyumba yake. Nimeshaona "bandari 443 imefungwa" kwenye maelekezo ya seva, fundi anayesoma hapo anawaza meli. Hiyo ni namba ya mlango unaopitisha data ya tovuti zenye ulinzi, mafundi wenyewe wanasema poti, na wewe andika poti.

Kuna na portare, kubeba. Humo ndo zimetoka import na export, na ile port ya kuhama mtandao wa simu na namba yako, kitu ambacho Tanzania kilianza 2017. Kwenye porter sasa ndo kuna mtego mbaya, maana wa mlima Kilimanjaro ni mpagazi, anabeba, ila wa chuo cha Uingereza ni bawabu wa getini, huyu katoka kwenye porta. Mwanafunzi ukimwandikia "chukua funguo kwa mpagazi" atatafuta mtu mwenye mzigo kichwani. Mvinyo wa port wenyewe hauna mambo mengi, ni jina la mji wa Porto kule Ureno, uache hivyo hivyo.

Mimi siku hizi kabla sijaligusa neno fupi naangalia limekaa na nani. Likiwa na mlingoti na nanga ni la majini, likiwa na namba ni la mafundi, na likinishinda nampigia anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake, sio mtafsiri mwenzangu, maana sisi tutadanganyana tu. Yule mzee baharia mpaka leo namtumia kurasa zangu za majini anazipitia, malipo yake anataka kahawa na kashata.

Juzi kijana ninayemfundisha kaniletea kazi ya meli ya mizigo, naenda moja kwa moja kwenye port, kaandika kushoto, safi kabisa, nikamsifia. Mstari unaofuata kulikuwa na bow, ile omo ya meli. Kaandika upinde.