Uzito Upi? Kwa Mnaoanza Fizikia Mwaka Huu

Katika miaka niliyofundisha Fizikia kidato cha kwanza, hapakuwa na kanuni iliyowasumbua wanafunzi kama neno moja walilotoka nalo nyumbani, nalo ni uzito. Sokoni uzito huhesabiwa kwa kilo, jikoni uji usiomiminika upesi huitwa mzito, na darasani neno hilohilo lina maana ya tatu.

Chukueni dumu la lita 20 lililojaa maji. Maji hayo yana tungamo la kilogramu 20, yaani kiasi cha maada kilichomo, ambacho hakibadiliki hata yakipelekwa mwezini. Uzito, kwa maana ya darasani, ni kani ambayo Dunia huyavuta kwayo, nayo hupimwa kwa newton: zidisheni 20 kwa 9.8, yaani newton ambazo Dunia huvutia kila kilogramu, mpate 196. Mwezini, ambako mvutano ni takriban sehemu moja ya sita ya huu wetu, mngepata newton 32 hivi. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika katika mtihani kwamba uzito ni kilogramu 5, kisha nikalalamika kunyimwa alama, kwa kuwa muuza sukari wa mtaani kwetu alisema hivyo kila siku. Naye hakuwa akimpunja mtu: mizani yake ya mawe hulinganisha pande mbili zinazovutwa sawasawa, hivyo ingetoa jibu lilelile hata kileleni Kilimanjaro, ambako mvutano hupungua kidogo, ilhali mizani ya springi ingeonyesha pungufu kidogo, lisilofika sehemu 2 kati ya 1000.

Sasa mwageni maji, mjaze asali. Dumu ni lilelile na ujazo ni uleule, lakini tungamo limepanda hadi kilogramu 28 hivi. Mkijaza mafuta ya taa litashuka hadi karibu 16. Tofauti hiyo ndiyo densiti, yaani tungamo lililomo katika kila kipimo cha ujazo, na ndiyo sababu mnunuzi mzoefu wa asali huuliza kwanza kama bei ni ya lita au ya kilo.

Hapa ndipo uji wa jikoni unapowapoteza wengi. Mafuta ya kupikia hutiririka polepole kuliko maji, basi mwanafunzi huapa kwamba ni mazito zaidi, ingawa kila siku huyaona yakielea juu ya mchuzi. Kule kutiririka polepole ni mnato, jambo jingine kabisa. Lita moja ya mafuta hayo ina gramu 920 hivi tu, ilhali ya maji ina 1000. Asali, kwa bahati mbaya, ina mnato mkubwa na densiti kubwa kwa pamoja, kwa hiyo msijifunzie tofauti hii kwayo.

Jaribuni wenyewe kwa chupa ya nusu lita na mizani ya kielektroniki: pimeni maji, kisha mafuta, nanyi mtaona tofauti ya gramu 40 hivi. Kabla ya yote, pimeni chupa tupu ili mtoe uzito wake. Tungamo lake, nilitaka kusema.