Kwa nini wahusika hawaonekani kutazamana

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kwenye filamu yenu ya darasa dada muuza ndizi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, na mteja wake wanaonekana wote wanaangalia upande mmoja. Kamera ilivuka mstari. Chora kichwani mstari kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule, chagua upande mmoja, na shoti zote (yaani kila kipande unachorekodi bila kukata) zitoke huko, ndani ya digrii 180. Ukirudi kwa mtu yuleyule, sogeza kamera angalau digrii 30, la sivyo picha itaruka.

Mwendelezo, yaani vitu kubaki vilevile toka shoti hadi shoti, ndio unaoumiza zaidi. Filamu yangu ya kwanza tuliipiga Uyole: mama ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, shoti inayofuata kiko kushoto na kitenge kimefungwa upya. Tulirudia siku nzima. Tangu hapo lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga picha kwa simu kila shoti inapoisha: mikono, vifungo, chai imebaki kiasi gani.

Na ukungu wetu huu! Maliza shoti pana mapema kabla mlima Loleza haujafunguka, maana saa nne jua likitoka, tukio lilelile litaonekana la siku nyingine. Shoti za karibu zinaweza kusubiri, utazipiga kivulini. Funga ekspoja (kiasi cha mwanga) na rangi zisibadilike, usiiachie simu ijiamulie. Ndani kwenye taa tumia fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda kila fremu inapopokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50, taa hazitapepesa.