Mpira Unapomgusa Mpigaji: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Je, kila mpigaji wa besiboli anayegongwa na mpira hupewa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bila kupiga? (Msomaji, Masasi)

Hapana, ndugu yangu. Mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji hujiuliza kwanza mpira ulikuwa wapi ulipomgusa mpigaji, kwa kuwa ukiwa ndani ya eneo la straiki, yaani nafasi ya mbele ya mpigaji ambamo mpira unapaswa kupita, huhesabiwa straiki, yaani kosa la mpigaji, hata kama ameumia. Akiridhika kwamba ulikuwa nje, hutazama kama mpigaji alipunga rungu lake, kwani aliyepunga hupata straiki. Asipopunga, huangaliwa kama alijaribu kukwepa. Asiyejaribu huhesabiwa boli tu, yaani mrusho mbaya, na hubaki palepale, labda iwe boli ya nne, ambayo humpa besi.

Shikamoo, Mwalimu. Mpira ukidunda chini kwanza, au ukimpiga kwenye vidole vilivyoshika rungu? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Marahaba. Kudunda hakubadilishi chochote. Vidole ni sehemu ya mwili, si ya rungu, kwa hiyo kama hakupunga, alijaribu kukwepa na mpira ulikuwa nje ya eneo, anastahili besi.

Kukwepa kunapimwaje? Wengine naona wanageuza bega tu. (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Hapo ndipo penye utata, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu dhaifu ya kanuni hii, kwa sababu waamuzi wengi huona vigumu kumnyima besi mtu anayejishika mbavu. Ni kama mkono ndani ya boksi kwenye soka pale uwanja wa Nangwanda Sijaona: kila shabiki ana hakika, lakini mwenye filimbi ni mmoja. Tarehe 31 Mei 1968, jijini Los Angeles, besi zote zikiwa zimejaa wakimbiaji, mpira wa mrushaji Don Drysdale ulimgonga Dick Dietz wa timu ya San Francisco, tukio ambalo lingesogeza kila mkimbiaji besi moja na kuleta mkimbio mmoja, yaani alama, nyumbani. Mwamuzi Harry Wendelstedt alikataa, akisema Dietz hakujaribu kukwepa, na pamoja na zogo lililozuka hakubadili msimamo. Dietz alirudi kupiga, mpira wake ukadakwa, na Drysdale akaendelea, mechi baada ya mechi, hadi akafikisha duru (zamu za kurusha) 58 na theluthi mbili bila kufungwa mkimbio.

Kwa nini wasitumie video? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Ligi Kuu ya Marekani inaitumia tangu 2014, lakini kwa swali la kama mpira ulimgusa mpigaji. Kama alikwepa, hubaki mikononi mwa mwamuzi, na hadi 2025 hata swali la kama ulikuwa ndani ya eneo la straiki lilikuwa lake. Aprili 2021 jijini New York, besi zikiwa zimejaa katika duru ya tisa, ambayo ni ya mwisho, mpira ulimgusa Michael Conforto kwenye kiwiko alichokisogeza mbele, na mwamuzi Ron Kulpa akampa besi, hivyo mechi ikaisha papo hapo. Video ilithibitisha mguso, basi. Kulpa mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba ile ilikuwa straiki, lakini ushindi wa Mets, timu ya Conforto, wa 3 kwa 2 dhidi ya Miami ulibaki ulivyo.