Mtihani Uleule

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mwanamke gani wa zamani tungependa mabinti zetu wamfahamu. Kwangu mimi ni Emily Davies, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1830.

Baba yake alikuwa kasisi. Kaka yake John alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Emily akabaki kusomea nyumbani. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka 1863 alipigania wasichana waruhusiwe kujaribu mitihani ya shule iliyotungwa na Cambridge, waliyokuwa wakifanya wavulana. Walijitokeza 83, na kwenye hesabu wengi wakaanguka vibaya.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hapa ndipo ninapompenda mama huyu. Walikuwapo watetezi wa elimu ya wanawake, watu wema kabisa, waliotaka wanawake watungiwe mtihani wao wa peke yao. Emily alikataa katakata. Alijua cheti cha namna hiyo kingedharauliwa siku zote. Kama hesabu zimewashinda, basi wafundishwe hesabu! Mwaka 1865 mitihani hiyo ikafunguliwa rasmi kwa wasichana.

Mwaka uliofuata, yeye na rafiki yake, daktari Elizabeth Garrett, walipeleka bungeni Westminster maombi ya wanawake kupewa kura, yenye sahihi karibu 1,500. Lile furushi la karatasi lilikuwa kubwa, nao wakaona haya kutazamwa na kila apitaye. Wakamwomba mama muuza matofaa aliyekuwa pale awafichie chini ya meza yake, mpaka mbunge John Stuart Mill alipokuja kulichukua.

Kisha akaanzisha chuo cha wanawake. Kilianza katika mji wa Hitchin mwaka 1869 na wanafunzi watano, kikahamia Girton, karibu na Cambridge, mwaka 1873. Yeye mwenyewe alikuwa mkuu wake kuanzia 1872 hadi 1875. Wanafunzi wake walifanya mtihani uleule wa wanaume, wakafaulu, lakini digrii hawakupewa. Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948, na Emily alikwishafariki tangu 1921.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi mtu anayemheshimu sana alimshauri aachane na fizikia, achague masomo "yanayowafaa wasichana". Alirudi nyumbani kimya. Usiku, tukichambua mchicha, nikamsimulia habari ya yule muuza matofaa. Akaniuliza, "Mama, sasa huyo Emily aliwahi kupiga kura?"

Alipiga, mwaka 1918, akiwa na miaka 88.