Jibu: Mradi wa vijana Kaliua, kata mpya hazibadiliki

Habari za kazi, mleta mada. Nimekuelewa hivi: vijiji vya majaribio wazazi walilegea, mabinti wakaanza kwenda zahanati kupata huduma za uzazi. Sasa mmepanua hadi kata nyingine, wazazi wanakuja kikaoni, wanasaini, wanachukua posho, wanaondoka na msimamo uleule wa kukataa.

Angalia kwanza nani amekaa kwenye kikao. Huku Urambo, wilaya jirani yenu, mama akikubali bado kazi haijaisha. Bibi au shangazi akisema "akitumia vidonge atakuwa tasa", imetoka hiyo. Waiteni hao.

Halafu punguzeni mada za mwezeshaji. Wazazi wengi moyoni wamekubali, wanaogopa majirani tu. Mleteni baba wa kijiji cha mwanzo aseme hadharani kwamba binti yake alijifungua na akarudi shule (ruhusa ipo tangu 2021). Maneno yake yana uzito kuliko vipeperushi vyenu vyote.

Kalenda nayo. Wakati wa kuvuna na kukausha tumbaku hampati mtu. Wahini kabla ya malipo ya soko, maana hela ikiingia na posa zinaanza kubisha hodi.

Na zahanati mmeipitia? Muuguzi akimuuliza binti "mumeo yuko wapi?" mbele ya foleni, harudi tena, na wenzake watasikia.

Posho siwezi kukushauri sana, kila halmashauri ina yake. Ila midahalo ifanyikie kijijini, jioni, ikiongozwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Weka hapa maswali mnayotumia kwenye midahalo tuyaone.