Mfunue Kifua, Hesabu Pumzi

Julai ya Nairobi inajulikana kwa baridi. Mwaka ule mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi 7, tukikaa mtaa wa Umoja, kikohozi kikamshika Ijumaa. Jirani akaniambia, "Mama, ni baridi tu hiyo, mfunike vizuri." Nikamfunika: sweta mbili, kofia, leso, blanketi juu. Nikanunua dawa ya kikohozi kwa kemisti. Kila mara nilimgusa paji la uso, na kwa vile hakuwa na joto kali, nikatulia.

Jumapili asubuhi akawa ananyonya kidogo, anaachia titi kutafuta hewa. Nikakimbia naye zahanati. Sista hakuanza na kipimajoto. Alimvua nguo za juu, akangoja anyamaze, akatazama saa na kifua dakika nzima, kimya. Pumzi 62. "Angalia hapa," akasema, akinionyesha chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta hewa, pale palibonyea ndani. Ilikuwa nimonia, na kwa siku mbili mimi nilikuwa nimeifunika kwa blanketi.

Kwa hiyo nakusihi, mwenzangu: mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, weka saa ya simu, uhesabu kila kinapoinuka. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, maana pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja. Chini ya miezi 2, pumzi 60 kwenda juu ni nyingi mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Zikifika hapo, mpeleke siku hiyo hiyo. Na kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usingoje kukuche.

Dawa ya kikohozi haitibu nimonia. Asali usimpe aliye chini ya mwaka. Jiko la makaa nalo litoe nje kabisa: moshi unaumiza mapafu yake, na hewa ya makaa kwenye nyumba iliyofungwa huua watu usingizini.

Wangu alipewa amoksilini ya siku 5, vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji. Nilimhesabu kila jioni. Jumatatu 54. Jumanne 47. Jumatano 38, na usiku huo alinyonya hadi akalala na titi mdomoni.