Kitakasa mikono na mgonjwa wa C. difficile

Je, kitakasa mikono chenye alkoholi kinatosha unapomhudumia mgonjwa anayeharisha kwa sababu ya bakteria wa utumbo aitwaye Clostridioides difficile (C. difficile)? Hapana, hakitoshi, hata ukipaka mara mbili. Alkoholi huua bakteria kwa kuharibu protini na utando wao, lakini C. difficile hutoka kwenye kinyesi akiwa pia katika hali ya spora, yaani umbo lililolala lenye ganda gumu, na ganda la spora halipenyezi alkoholi. Utakuwa unazisambaza tu kiganjani. Nawa kwa sabuni na maji tiririka, sekunde 40 hadi 60 kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Sabuni nayo haiziui; zinang'olewa na msuguano kisha zinasombwa na maji. Kwa hiyo sugua kweli, hasa kidole gumba, ncha za vidole na chini ya kucha, maana huko ndiko wengi wanakoruka.

Glavu vaa kabla ya kumgusa mgonjwa huyo au kitanda chake, na ukizivua bado unanawa, kwa sababu ni rahisi kujichafua kwenye kifundo cha mkono wakati wa kuvua. Reli za kitanda na bedipani zisafishwe kwa dawa ya klorini, si spiriti.

Ila msianze kudharau kitakasa. Kwa mikono isiyo na uchafu unaoonekana, kati ya mgonjwa na mgonjwa, bado ndicho chaguo la kwanza: sekunde 20 hadi 30, mpaka kikauke chenyewe. Norovirusi nayo, yaani virusi vya kutapika na kuharisha, iwekeni upande wa sabuni.